Waliompigia Mahdi Makofi

Napoli, tarehe 9 Februari 1911

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Bi Mwanamkisi binti Hashim, aliyebaki Amu akimtunza mama yetu na nyumba yetu. Salamu nyingi, na nyuma ya salamu dua.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku ndiyo yenye maradhi. Inapita nguo tatu na kukaa mifupani kama mgeni asiyejua kuaga. Mbusie mama mkono kwa ajili yangu. Mwambie mwanawe anakula, analala, na hajaacha sala, ijapokuwa kibla baharini huhama kila meli inapogeuka. Tima naye msalimie. Mwambie watu wa huku hawajui mkate wa mofa, na kila nikila mkate wao namkumbuka yeye aliyetulea.

Najua swali utakaloanza nalo. Ndiyo, tulipita Port Said. Tulitia nanga pale mchana kutwa, na nti ya Misri ilikuwa mbele ya mato yangu. Sanduku nilikuwa nimekwisha kulifunga. Bibi Harieti akaniambia, "Si sasa, Mahdi. Nataka kwanza kuizuru miji ya kale ya bahari hii, na mwisho wa ziara ni Iskandaria. Hapo nitakupeleka Kairo mwenyewe na kukukabidhi kwa masheikh." Nikasema vyema. Ndiyo ahadi ile ile aliyoitoa Mzungu huyu barazani kwetu mbele ya Ami Abdulqadir: nimfundishe Kiswahili ndiani, naye anifikishe Azhari nikasome. Kilichozidi ni mzunguko tu.

Sasa tumehamia meli nyingine, nyeupe kama yai. Meli hii haichukui boriti, wala ngozi, wala nazi. Inachukua watu walioshiba, kuwapeleka kutazama mawe. Usicheke, ni kweli. Kila bandari wanashuka na miavuli, wanakwenda mahali palipobomoka, mwalimu wao wa mambo ya kale anawaeleza nani alijenga na nani alivunja, kisha wanarudi kula. Wengine hurudi na vipande mfukoni. Sebuleni mwa meli kuna sanamu la marumaru la mtu asiye na mikono, na hilo ndilo wanalolisifu kuliko mtu mwenye mikono yake.

Juzi, baada ya chakula cha jioni, Bibi Harieti aliniomba niwasomee wenziwe Kurani kidogo. Nikachagua Suratu Maryam, maana wao humtukuza Bibi Mariamu, nikaona itawagusa. Nilivaa joho la marehemu baba. Akanivika na mkufu mzito wa chuma cheupe shingoni, akasema kwao wakuu wa miji huvaa hivyo siku za karamu. Kwanza alisema yeye maneno marefu kwa Kiingereza. Nikasikia "Lamu", ndivyo waitavyo Amu, nikasikia "Mahdi", mengine yakanipita. Kisha nikasoma. Dada, walinyamaza kama watu wa msikitini, na wanawake wawili walikuwa wakifuta mato. Nilipomaliza wakapiga makofi. Makofi yalinikaa vibaya, lakini nikajiambia kila watu na adabu zao.

Joho ameniwekea Bibi Harieti sandukuni mwake lisiliwe na unyevu.

Ukiniandikia, peleka kwa Sayyid Nur, muuza kahawa wa Iskandaria, yule rafiki wa baba. Nitaipata nikifika.

Nduguyo, Mahdi bin Hashim


Amu, 18 Mfunguo Sita 1329

Kwa Mahdi, mwana wa mama yangu, Mungu akulinde na bahari na walio juu yake.

Sisi hatujambo. Mama kifua kimemtulia, mato yake ndiyo yaliyozidi ukungu. Sasa hunitambua kwa sauti. Maulidi yamesomwa mui mzima, ubani ulikuwa mwingi hadi paka wa Mkomani walipiga chafya. Mwalimu wako Bwana Khatib alipofika katika kisomo pale ulipozoea kumpokea aliitazama nafasi yako, kisha akaendelea peke yake. Baadaye alituma mtu kuuliza, "Mahdi amekwisha kuanza darasa Misri?" Nilimjibu kwamba uko karibu. Mama naye kila asubuhi huniuliza, "Amefika?" nami namwambia, "Amekaribia, mama." Usinigeuze kuwa mwongo wa nyumba mbili.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nimekasirika mahali papya.

Nani aliyekwambia Kurani husomwa watu wakiwa wanafuta mafuta ya nyama midomoni? Mvinyo ulikuwapo mezani? Hukusema. Wewe mtu wa kueleza hata rangi ya meli, hilo hukulisema. Na walikupigia makofi! Walikupigia makofi kama mchezaji ngoma, nawe ukatafuta udhuru wa kuwavisha. Kila watu na adabu zao, na zako ziko wapi? Mlango wa Misri ulikuwa wazi Port Said na sanduku umefunga. Bibi akasema si sasa, ukafungua sanduku. Je, alikushika mguu?

Nilimuuliza ami yetu. Alikuja kwa ajili ya Maulidi, amevaa kilemba kipya, ana fimbo yenye kichwa cha fedha. Nikamwambia kutoka nyuma ya pazia, "Ami, mbona Mahdi hakushushwa Port Said?"

Akasema, "Mwanamkisi, Mzungu ana mipango yake."

"Nami nina ndugu yangu."

"Safari humzidisha mtu akili. Acha kijana aone dunia."

"Ami, ulimtoa akaone dunia, au ulimtoa akasome?"

Akaniambia sauti yangu imezidi kimo cha pazia, akaomba kahawa.

Na jambo jingine nililijua siku hiyo hiyo, si kwake bali kwa watu. Tangu ulipoondoka, ami yetu ndiye msimamizi wa shamba la minazi la Bibi Harieti kule Mkokoni. Siku ile barazani alipokukabidhi kwa machozi, alikuwa amekwisha kupewa funguo za ghala. Hili ulilijua? Kama ulilijua ukaninyamazia, basi hasira yangu kwako ni mbili.

Tima amekuja asubuhi kama desturi, ingawa siku hizi ana nyumba yake mtaa wa Langoni na hana amri ya mtu. Amecheka habari ya mofa. Anasema ukirudi atakupikia mpaka useme basi.

Ukifika Iskandaria, shuka. Usingoje mkono wa mtu.

Dadako, Mwanamkisi


Izmir, tarehe 28 Machi 1911

Dada Mwanamkisi, salamu. Natumai mama na nyote ni wazima. Barua yako sijaipata, wala siwezi kuipata kabla ya Iskandaria. Hii usimsomee mama.

Niliwahi kukuandikia Napoli kwamba walilia na kupiga makofi. Sasa najua walilia nini.

Humu melini yumo mhudumu wa Kimalta, jina lake Zeppi. Lugha ya kwao ni kama Kiarabu kilichomwagikiwa maji ya nti nyingine; kwa kusema polepole tunaelewana. Ni mtu mkimya. Tangu Malta alikuwa akinitazama kwa namna nisiyoipenda, kama unavyomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

Jana tulipelekwa kwa gari la moshi hadi Efeso, mji wa kale sana uliobaki nguzo na nyasi. Mwalimu wao alikuwa mbele, anaeleza. Tukafika uwanja mmoja wa mawe. Akapiga jiwe kwa fimbo, akasema maneno, na wote, Dada, wote kwa pamoja, wakageuka wakanitazama mimi. Bibi Harieti akaufungua mkoba, akautoa ule mkufu, akanivika, akaniambia kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, "Mahdi, panda juu ya jiwe. Simama vizuri. Tazama chini." Mpiga picha alikuwa tayari.

Nikapanda. Nakwambia ukweli, nikapanda. Nilidhani wanataka picha ya mgeni.

Tuliporudi melini Zeppi, aliyetubebea chakula huko Efeso, akanifuata penye ngazi. Akaniuliza, "Mungu akusamehe, kwa nini unakubali?"

"Nakubali nini?"

"Pale ndipo walipokuwa wakiuza watu zamani. Ndivyo alivyosema mwalimu. Na huyu bibi amewaambia wewe ni mtumwa, kwamba mume wake alikutoa katika chombo cha Waarabu ukiwa mtoto umefungwa mnyororo huu huu, wakakuacha kwa watumishi wao wakulee, na sasa anakuonyesha dunia."

Nikamwambia hapana, nimesoma mbele yao, nimesoma maneno ya Mwenyezi Mungu.

Akasema, "Amewaambia ni wimbo wa watumwa. Kila jioni unaposoma hueleza kwamba unamlilia mama yako asiyejulikana."

Suratu Maryam, Dada.

Mimi mwana wa Hashim bin Mahdi, ambaye babu zake wamezikwa Pate kwenye makaburi yenye majina yao! Mimi mwenye mama, mwenye dada, mwenye nyumba ya ghorofa mbili! Tangu jana sijala. Kila anayenipita kwenye sitaha ananitabasamia kwa huruma, na huruma hiyo inaniwasha kuliko tusi. Bibi mmoja mzee alinitilia chungwa mkononi akanipapasa kichwani. Kichwani, Dada, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

Nilikwenda kwa Bibi Harieti. Nikamuuliza waziwazi. Hakukana. Alisema, "Mahdi, watu hawa hawaelewi mambo ya kwenu. Lazima wapewe hadithi. Hadithi haikudhuru kitu." Nikamwambia anirudishie joho la baba. Akasema atanipa Iskandaria.

Usiniulize kwa nini sikushuka hapa hapa. Ni mui wa Waislamu, misikiti naiona kutoka melini. Usiniulize.

Mahdi


Amu, 12 Mfunguo Nane 1329

Kwa ndugu yangu, anayejulikana mama yake na baba yake.

Mama yu hai na anakuombea dua. Paa la upande wa kisima linavuja kwa mvua za mwaka huu, tumehamisha vitanda. Bwana Khatib anaumwa na meno. Tima hayupo tena hapa nyumbani. Hilo usiniulize, kama ulivyonikataza nami nisikuulize lako.

Barua yako ya Izmir niliisoma nimesimama, nikamaliza nimeketi chini. Kisha nikavaa buibui mchana kweupe, nikamchukua mwana wa jirani, Jamila, awe pamoja nami, nikapanda mashua hadi Mtangawanda, na kutoka hapo kwa punda hadi Faza anakokaa ami yetu. Najua watu wamesema. Waseme. Binti Hashim hajawahi kutoka hivyo, na Hashim hajawahi kuonyeshwa mwanawe juu ya jiwe la mnada.

Nilimkuta anakula tende. Nikamsomea barua yako neno kwa neno, mbele ya mkewe. Mkewe alishika kinywa. Yeye alitema kokwa, akasema, "Kuitwa si kuwa. Huko hatujulikani."

Nikamwambia, "Anajulikana kwa Mungu wake, na anajijua mwenyewe."

"Wataka nifanye nini? Niogelee?"

"Mwandikie. Wewe ndiwe walii wake baada ya baba. Mwambie amshushe, amrudishie nguo yake, awaambie wale watu ukweli. Na shamba lake mrudishie."

Ndipo akakasirika. Hakukasirika uliposimamishwa juu ya jiwe. Amekasirika ilipotajwa minazi. Akasema, "Shamba lina uhusiano gani? Wewe mwanamke umeingiwa na nini? Nikimwudhi Mzungu, nani atanisimamia kwa serikali? Kijana atashuka, atasoma, atasahau. Na wewe ungenyamaza, mui wote usingejua."

Nikainuka. Sikunywa maji yake. Mkewe alinifuata hadi ukumbini, akanishika mkono.

Mama nimemwambia. Nilidhani nitamuua, lakini alipapasa tasbihi, kisha akasema, "Alisoma vizuri?" Nikamwambia walinyamaza wote. Akasema, "Basi yeye alisoma. Waliosikia vibaya ni wao."

Mimi sina moyo wa mama. Ningekuwa na mbawa ningeiangukia ile meza yao nikaipindua na mvinyo wake. Shuka, Mahdi. Joho ni nguo.

Mwanamkisi


Kairo, tarehe 14 Mei 1911

Kwa Dada Mwanamkisi, na kwa mama, ambaye hii waweza kumsomea yote.

Nakuandikia nikiwa Kairo. Nimepanga chumba kimoja na wanafunzi wawili wa Kisomali, Mahfudhu na nduguye. Twalala kwa zamu karibu na dirisha. Asubuhi nahudhuria darasa la nahau pale Azhari, nguzo ninayokaa chini yake ina wenyewe wazee wanaokohoa, mchana nawachotea maji watu wa nyumba. Nina furaha ambayo siijui kuieleza.

Barua yako ya Mfunguo Sita niliikuta kwa Sayyid Nur. Kila neno lilikuwa haki yangu. Mvinyo ulikuwapo. Habari ya Mkokoni sikuijua, wallahi.

Nilivyoshuka ni hivi. Tulipotoka Yafa, ikawa karamu ya kuagana, kwa kuwa Iskandaria ndiyo mwisho wa ziara yao. Bibi Harieti akanivika tena ule mkufu, akanitaka nisome. Kabla sijaanza akasimama yeye, akasema maneno yake, na mara hii nilielewa zaidi, maana tangu Izmir Zeppi alikuwa akinifundisha Kiingereza jikoni kila tulipopata nafasi. Nikasikia "London". Nikasikia kwamba nitaonyeshwa huko katika ukumbi mkubwa. Misri haikutajwa.

Nikasogea mbele. Sikusoma. Nilisema kwa Kiingereza yale niliyokuwa nimeyahifadhi, moja baada ya moja: Jina langu ni Mahdi bin Hashim. Sijauzwa. Sijanunuliwa. Mama yangu yuko Lamu. Nilikuja kusoma. Bibi huyu amewadanganya.

Kijiko kilianguka mahali. Nikaona mzee mmoja, mwenye ndevu nyeupe, anamgeukia Bibi Harieti kwa uso wa kuuliza, na moyo wangu ukasema, sasa, sasa wamejua.

Bibi Harieti akatabasamu. Mato yake yalilowa, sijui aliyalowesha vipi. Akasema, "Mwaona? Miezi mitatu tu, na sikilizeni Kiingereza chake!"

Wakasimama, Dada. Watu wazima na mapambo yao, wakasimama wote wakanipigia makofi kuliko siku zote. Yule mzee naye. Nilipiga kelele kwamba ni kweli, ni kweli, nao wakazidi kupiga. Hata ukweli wangu waliufanya mchezo wao. Zeppi peke yake, penye mlango, alikuwa ameinamisha kichwa na sinia mkononi.

Niliuvua ule mkufu. Nikalivisha lile sanamu la marumaru lisilo na mikono, nikatoka. Walicheka, wakadhani na hilo limo.

Iskandaria tuliteremka pamoja na watu wote. Bibi Harieti akanipa mwavuli wake nimshikie, kama vile hapajakuwa na jambo. Nikaupokea. Chini ya ngazi kulikuwa na Mmisri mwenye punda, nikampa yeye ule mwavuli, nikaendelea na ndia yangu. Bibi akaniita, "Mahdi! Mwavuli!" Akaita tena. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyekiita kitu chake na kisije. Sikugeuka. Joho la baba limebaki sandukuni mwake.

Nilikukataza kuniuliza kwa nini sikushuka Izmir. Nilitaka kwanza waujue ukweli. Nilidhani ukisemwa utasikika. Hiyo ndiyo sababu, na ni ya kitoto.

Mwambie Tima kwamba mwana aliyemlea hakuwa mtumwa wa mtu hata siku moja.

Mahdi


Amu, 9 Rajabu 1329

Kwa Mahdi bin Hashim, mwanafunzi wa Kairo. Andiko hilo la juu mama amenitaka nilisome mara tatu.

Amefurahi mpaka ameomba achanwe nywele. Paa limezibwa. Bwana Khatib meno yamepona, na anasema nahau uliyokwenda kuisoma huko alikwisha kukufundisha yeye, ila wewe ulikuwa ukisinzia.

Bibi Harieti amemwandikia ami yetu. Ameandika kwamba umemkimbia, umemwibia mkufu wa fedha, na kwamba shukrani ya watu wetu ni kama maji juu ya jani la yungiyungi. Ami akaja Amu na barua hiyo, akawaita wazee barazani kwetu, kwetu, Mahdi, juu ya saruji aliyoitia baba, akataka ukoo ukukane ili jina lisichafuke. Alisema kwa sauti ya msiba. Wazee wakaanza kukohoa na kutazamana, kwa kuwa kila mmoja ana haja na mtu mwenye rafiki Mzungu.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikaufungua ubao mmoja, nikasema, "Mkufu huo ni wa chuma, na alivishwa shingoni akaambiwa ni heshima. Ameuacha juu ya sanamu. Joho la baba liko kwa huyo bibi mpaka yeo. Anayetaka kumtafuta mwizi ajue aanzie sanduku gani."

Ami akasema, "Mnasikia? Mwanamke huyu ameacha haya."

Bwana Khatib akamjibu, "Abdulqadir, kijana yule nilimfundisha mimi Suratu Maryam. Ukimkana yeye, anza kunikana mimi." Akavaa viatu vyake akaondoka, na baada yake mmoja mmoja wakavaa vyao. Hawakukukana. Wala hawakumlaumu ami, sitakudanganya. Yeye angali msimamizi wa Mkokoni, na akipita mbele ya nyumba yetu hutazama upande wa bahari.

Sasa habari ya Tima, niliyokunyima.

Siku nilipopokea barua yako ya Izmir, Tima alikuwa ukumbini akichambua mchele. Nilimsomea nikilia. Nilisema, "Tima, wamemfanya mtumwa! Mwana wa Hashim, mtumwa!" Nilisema hivyo tena na tena, sikumtazama. Akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Kwani mtumwa ni nini, Mwanamkisi?" Nikamwambia si wakati wa maswali. Akajifunga leso yake, akatoka, na kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilikasirika naye. Nilisema moyoni, katika msiba wetu huu, naye atuchagulie siku hii. Nilingoja aje aombe radhi. Miezi miwili nilingoja.

Ilipofika barua yako ya Kairo yenye salamu zake, ikanibidi nizifikishe. Nilikwenda Langoni. Sikuwahi kuiona nyumba yake, sisi ambao tumekula mkononi mwake tangu tuna meno ya maziwa, niliuliza watu. Nikabisha. Alichungulia, akarudi ndani, akaniacha juani kama anavyoachwa mgeni wa kawaida. Kisha akanikaribisha, akanitandikia mkeka. Nikamsomea barua yako yote na salamu zako. Akasikiliza, akasema ana jibu, niandike kama asemavyo, nisipambe. Neno moja nilitaka kulilainisha. Akanitaka nimsomee nilipofika, nikalirudisha.

Mimi ni dadako, Mwanamkisi. Yaliyo chini hapa ni ya Tima.

"Mahdi, nimesomewa barua zako zote. Nimekasirika kwa ajili yako, tena sana. Yule mwanamke hana haya; mtu si kitu cha kuonyeshwa watu wakicheka na kulia. Hilo ulijue kwanza.

"Lakini wanitumia salamu kwamba hukuwa mtumwa wa mtu hata siku moja. Habari hiyo waniletea mimi ya nini? Mimi nalikuwa. Nalikuwa katika nyumba yenu. Mama yako alipotoka, mimi na wenzangu watatu tulimbebea shiraa, pazia la kumsitiri, nguzo moja kila mmoja wetu, na lile jua lilikuwa letu sisi. Hapakuwa na mtu aliyesimama akasema nimeonewa. Hapakuwa na Mmalta penye mlango. Wewe ulisema jina lako mbele ya watu wakakupigia makofi, ukaona dunia imeharibika. Mimi sikuulizwa hata nitaje langu.

"Sikulaani. Nalikulea kwa mikono yangu, na mikono haikujua kuchukia. Lakini nilipomsikia Mwanamkisi akilililia lile neno kana kwamba ni uchafu uliokurukia, niliona siwezi kuuchambua mchele ule nikaumaliza.

"Soma huko. Soma mpaka uwapite. Na siku ukiya Amu, usitume mtu kuniita nyumbani kwenu. Uye mwenyewe Langoni, uliza kwa Tima, utaonyeshwa. Simama mlangoni, ubishe hodi, ungoje. Nikisema karibu, ndipo uingie."